Karatasi ya Ndani ya Kopo

Baba alinituma dukani kwangu nikamletee kopo la dawa, ile ile ya Kichina aliyokuwa akitumia mama. Vidonge vidogo vyeusi vya maumivu ya magoti.

"Baba, ile dawa..."

"Ina nini? Si ni majani tu? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia."

Nilichukua funguo, nikatoka kabla giza halijaingia. Tangu tumzike mama, wiki tatu nzima, duka sikuwa nimelifungua.

Nimeuza dawa miaka tisa. Anayenunua vidonge vya hospitali huuliza maswali mia: nimeze kabla ya kula au baada, vitanilegeza? Anayenunua dawa ya Kichina huuliza moja tu, tena akiwa mlangoni: "Hii haina madhara, eti?" Nami humjibu bila kuinua macho, "Ni majani tu hayo."

Ndani ya kila kopo mna karatasi ya maelezo, Kichina mwanzo mwisho. Sikujua kuisoma, wala hakuna aliyewahi kuiulizia. Basi nilikuwa naikata vipande vya mraba, nikifungia vidonge vya rejareja. Nikajiona mjanja.

Mama alimeza vile vyeusi miezi minne, pamoja na vya presha. Macho yakawa ya njano kama kiini cha yai. Daktari aliniuliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?" Nikasema hakuna. Haki ya Mungu sikudanganya. Sikuihesabu kuwa dawa.

Nilifungua duka, nikawasha taa. Harufu ya vile vidonge ikanipiga usoni. Lakini ilikuwa ya joto... kama pumzi ya mtu.

Chaka... chaka... chaka...

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, amenipa mgongo, anatikisa kopo. Na mlango nilikuwa nimeufungua mimi, sasa hivi, kwa funguo zangu.

"Tumefunga, mama," nilinong'ona.

"Hii haina madhara, eti?"

Sauti ile!

Nywele zilinisimama. Na bado nilitamani kumkimbilia nimkumbatie. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

Alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka. Kiganjani mlikuwa na vipande vyangu vya karatasi, vimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi. Mama alikuwa fundi cherehani. Mshono ule naujua, ndio uliokuwa kwenye sare zangu zote za shule.

"Nisomee, mwanangu."

"Siwezi, mama... sijui kuisoma."

Kopo likanyamaza.

"Sasa uliniambiaje?"

Nililia hadi nikapiga magoti. Nilipoinua uso, benchi lilikuwa tupu. Karatasi ilikuwa juu ya kaunta, imetimia yote isipokuwa kona moja, mahali pa kipande kimoja.

Nilirudi nyumbani mbio, mikono mitupu zaidi ya ile karatasi. Baba alikuwa ameketi kitandani, anashangaa kiganja chake.

"Nilikuta vidonge viwili chini ya mto wa mama yako," alisema polepole. "Nikavitia mdomoni. Kaingia mwenyewe, kavitoa kwa kidole chake, kama mtu anavyomfanyia mtoto. Kaniachia hii."

Kilikuwa kipande cha mraba. Kimelowa.

"Kasema nisimeze kitu mpaka usome kwanza."

Labda ni uzee. Labda ni majonzi, maana tangu msiba baba halali vizuri. Hata daktari, nilipomrudia na kumweleza yote, alisema huenda ni vile vidonge vilivyomuua mama, huenda sivyo. Tungejua, alisema, kama ningemwambia mapema.

Kipande nimekishona mahali pake kwa mkono wangu, mshono mbaya. Mtaa wa pili kuna mzee mmoja anayejua Kichina. Ni mwendo wa dakika tano. Sijaenda.

Kila jioni nikianza kufunga duka, harufu ile huja, na benchi hulia kidogo, kama linavyolia mtu akikaa. Haniombi tena nimsomee.

Anasubiri tu.