Kitambaa cha Sufu Juu ya Kisanduku

Kila Jumamosi, kabla watu wazima hawajaja kusikiliza somo la afya redioni, Dorkasi na Omari wa darasa la sita walifungua ofisi ya kijiji chao cha ujamaa, karibu na Gare. Jumamosi moja Dorkasi alifagia, kisha akatandika kitambaa chake kipya cha sufu juu ya kisanduku cha umeme kilichoilisha redio, kama mama yake alivyoifunika redio nyumbani. Omari akaiwasha redio.

Baada ya nusu saa redio ilikoroma, ikanyamaza. Harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Dorkasi akakitoa kitambaa na kuukazia macho mfuko wa Omari. Mpini wa bisibisi ulichungulia.

"Umekichokonoa kisanduku!"

"Sijakigusa, naapa!"

"Na bisibisi ni ya kuchokolea meno?"

Mwalimu Nathanaeli, msimamizi wa somo, aliyekuwa ameingia punde, naye akamtazama Omari kwa jicho la pembeni. "Fundi Silvano anakuja mchana. Ikithibitika ni wewe, hutaigusa redio hii tena."

Omari akainama. Redio ile ndiyo ilikuwa roho yake; hata bisibisi aliibeba kwa ndoto ya kuwa fundi.

"Shikamoo, fundi," watoto waliamkia mchana alipofika.

"Marahaba." Fundi akakagua skrubu. "Rangi ya kiwandani bado imezifunika. Hazijawahi kufunguliwa."

Akazifungua, akachomoa kipande kidogo kilichokazwa kwenye bati nene.

"Hii ni dayodi. Upande mmoja hupitisha umeme. Upande wa pili ukinzani wake ni mkubwa, umeme haupiti."

Akaiunganisha na betri na balbu ya tochi. Balbu ikawaka. Akaigeuza dayodi, ikawaka vilevile.

"Imeungua, haizuii tena. Dayodi ikifanya kazi hupata joto. Bati hulitoa joto hilo kupitia matundu haya ya juu. Nani aliyaziba?"

Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwa Dorkasi, na hakuna aliyekitazama. Angeweza kukificha.

"Mimi," akasema, machozi yakimlenga. "Nilitaka kipendeze."

"Sufu nayo ina ukinzani, wa joto," fundi alisema. "Kwa baridi yetu sisi tunaupenda. Dayodi unaiua."

Akafunga dayodi mpya. Redio ikazungumza.

"Omari, nimekushuku bure, nisamehe," Mwalimu alisema. "Dorkasi, ukweli wako umeondoa shaka yote juu ya mwenzako. Lakini siku nyingine, kabla hujapekua mfuko wa mtu kwa macho, kagua kwanza ulichofanya kwa mikono yako."

Dorkasi akamgeukia Omari. "Nisamehe."

"Lete hicho kitambaa," Omari akajibu, "nifunike masikio. Yamechoka kusikia nikisingiziwa."