Nakuja na Gari Lililochelewa Kona

Nikitoka shule, kazi zangu zilijulikana: kuvua sare, kufua soksi, kuosha vyombo vya mchana, kisha saa moja ya kucheza kwenye kompyuta. Saa moja tu, na mama aliipima kwa saa ya ukutani iliyo juu ya cherehani yake. Mama ni mshonaji. Chumba chake cha kazi na sebule yetu vimetenganishwa na pazia, kwa hiyo hakuna anayemficha mwenzake kitu. Alinisikia nikicheza, nami nilimsikia alipotaka mtu wa kumshikia kitambaa kirefu asije akakikata upogo.

"Njoo unishikie hapa!"

"Nakuja!"

Mdomo wangu ulikuwa mwepesi kweli kweli. Miguu ndiyo iliyokuwa mizito. Mama angeita mara ya pili, ya tatu, na kila mara angejibiwa kwa adabu zote, "Nakuja, mama!" huku mimi sijanyanyuka hata kidogo. Ndiyo maana nyumbani hakuna aliyetumia jina langu. Waliniita Nakuja.

Kompyuta yenyewe tuliundiwa na shangazi, dada wa baba, ambaye ni fundi wa runinga na kompyuta. Aliiunda kwa vipuri vilivyokwisha kutumika, akaifunga ndani ya kasha la chuma, na kwa kuwa hatukuwa na skrini yake, akaiunganisha na runinga ya sebuleni. Mchezo nilioupenda ulikuwa mbio za magari. Sijisifu, lakini nilikuwa hatari. Katika klabu ya kompyuta shuleni niliwapiga wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukabaki wawili: mimi na msichana mrefu wa darasa la saba tuliyemwita Mshale. Jumamosi asubuhi tungeshindana, na mshindi ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya shule za jirani. Nafasi hiyo niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Sasa, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, gari langu la nyumbani likaanza kiburi. Nikibonyeza kushoto, linafikiri kwanza. Likimaliza kufikiri, kona imeshapita na mimi nimo ukutani.

"Kompyuta inachelewa!" nililalamika.

Baba alikuwa anasoma gazeti. Hakulishusha. "Mchagua jembe si mkulima," alisema.

Maneno hayo yaliniuma, nami nikatafuta wa kumtupia lawama. Sikwenda mbali. Mdogo wangu ana miaka saba, na tunamwita Kifungo kwa sababu alipokuwa mtoto mchanga alimeza kifungo cha shati la mteja. Siku chache nyuma nilimkuta anapapasa kibodi kwa vidole vyenye asali. Basi nikatangaza mbele ya wazazi wote wawili, "Kifungo ameharibu kibodi!"

"Si mimi, dada," alisema. "Niligusa herufi moja tu, tena nikaifuta."

Hakuna aliyemsikiliza. Alikatazwa kuisogelea kompyuta, na kila nilipocheza alikaa mlangoni ameshika tama, ananitazama nikigonga kuta.

Jumatano shangazi alipita kwetu akitoka kazini, begi la vifaa begani. Nilimkimbilia kabla hajavua viatu. "Shangazi, tutengenezee kibodi. Kifungo ameiharibu."

"Nani kasema ni kibodi?"

"Mimi."

"Umepima?"

"Bado."

"Basi hujasema kitu. Umekisia." Akaketi mbele ya runinga, akanitazama. "Sikiliza, mwanangu. Unapobonyeza, habari inaanza safari. Inatoka kwenye kibodi, inaingia kwenye kompyuta, inakwenda kwenye runinga, ndipo jicho lako linapoona gari limekata kona. Njiani humo yupo mtu anasema 'nakuja' kama wewe, halafu haji. Kazi yetu ni kumjua ni nani."

Kifungo alicheka hadi akapata kwikwi. Shangazi akamwita, akampa simu yake. "Wewe ndiye mpimaji wangu. Rekodi video, kidole cha dada yako na runinga vyote vionekane. Simu hii ikirekodi taratibu, inaikata sekunde moja vipande mia mbili na arobaini. Tutahesabu picha tangu kidole kibonyeze mpaka gari ligeuke."

Nilibonyeza. Kisha tukaitazama ile video picha moja moja. Kidole changu kilikuwa kimeshuka kabisa, gari halina habari. Kifungo alihesabu kwa sauti kama karani wa kura: "Kumi na mbili... ishirini na tano... thelathini na saba... thelathini na nane! Limegeuka!"

"Thelathini na nane," shangazi alisema. "Hiyo ni nyingi mno. Hukuwa unaota."

Nilimgeukia baba. Gazeti lilikuwa limeshuka mpaka puani.

Kibodi yetu haina waya. Ina kidude kidogo cha kupokea habari zake, nacho kilikuwa kimechomekwa nyuma ya lile kasha la chuma. Shangazi alikihamishia mbele, chuma kisikizibe. Nikataka papo hapo aguse na runinga, akanizuia. "Kimoja kimoja. Fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hajui amshukuru nani." Tukapima tena. Thelathini na sita.

"Kibodi imechelewesha picha mbili tu," alisema. "Na hizo si za asali."

Kifungo alivuta pumzi ndefu, akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kisha shangazi akachukua kidhibiti, akafungua mipangilio ya runinga. Pale juu palikuwa pameandikwa hali ya picha: Angavu. "Ahaa! Mwizi wetu huyu hapa. Katika hali hii runinga haionyeshi picha ilivyoipokea. Inakaa nayo kwanza, inaipaka rangi, inailainisha, inaipamba kama bibi harusi, ndipo inamtoa nje. Kwa filamu si neno. Kwa mbio za magari, kona haimngoji bibi harusi." Akaweka hali ya Mchezo. Tulipopima, Kifungo alifika kumi na moja tu, gari likageuka. Alirukaruka sebule nzima.

"Swali limebaki moja," shangazi alisema. "Nani aliweka hali ya Angavu?"

Baba alisema si yeye. Mama, nyuma ya pazia, alisema yeye hata kidhibiti hajui kilipo. Kifungo alijificha nyuma ya kiti, kwa mazoea.

Nami nikakumbuka. Wiki mbili zilizopita nilitaka gari langu jekundu liwe jekundu zaidi. Nilibonyeza bonyeza mipangilio mpaka rangi zikawaka, nikafurahi, nikasahau. Masikio yangu yalipata moto. Cherehani ya mama ilikuwa imenyamaza. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikamaliza safu nzima, ndipo nikafungua mdomo.

"Ni mimi."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Nilikwenda nyuma ya kiti, nikachuchumaa. "Kifungo, nisamehe. Nilikusingizia."

Alifikiri kidogo. "Nisamehe na nini?"

"Na dakika ishirini za saa yangu. Kila siku."

"Haya," alisema haraka, kabla sijabadili mawazo.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo niliruka kama mshale, lakini nilivyocheza jioni ile ni aibu. Nilikuwa nimezoea kubonyeza mapema ili kulingoja gari linalochelewa. Sasa gari lilitii papo hapo, nami nikawa nageuka kabla ya kona. Ukuta wa nje ulipumzika, ukuta wa ndani ukapata taabu. "Dada, umehamia upande wa pili!" Kifungo alisema. Ilinichukua Alhamisi na Ijumaa nzima kuirudisha mikono yangu shuleni, ijifunze upya.

Jumamosi chumba cha kompyuta kilijaa mpaka madirishani. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameweka mashine mbili. Moja ilikuwa na skrini ndogo ya zamani iliyopauka. Nyingine aliiunganisha na runinga kubwa ya ofisi ya walimu, ili watazamaji waone vizuri. Akarusha sarafu. Mshale akapata runinga kubwa, watu wakamshangilia. Mimi nikapata ile iliyopauka, rafiki zangu wakanipa pole.

Mizunguko mitano. Katika mzunguko wa kwanza tulikwenda sawa. Katika wa pili Mshale aligonga ukuta. Katika wa tatu aligonga mara mbili, nami nikamwacha mbali.

"Nimebonyeza!" nilimsikia akilia pembeni yangu. "Mwalimu, haki ya nani, nimebonyeza!"

"Mchagua jembe si mkulima!" mtu alipiga kelele, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Sikucheka. Nilitupa jicho kwenye ile runinga. Rangi zake zilikuwa zinawaka, nyekundu nyekundu kabisa, na gari la Mshale lilikuwa linafikiri kwanza. Nilijua. Katika chumba kile chote ni mimi peke yangu niliyejua.

Nawaambia ukweli, nilinyamaza. Nilimaliza mzunguko wa nne kimya, nikamaliza wa tano, nikawa wa kwanza kuvuka mstari. Marafiki walininyanyua juu. Mwalimu alichukua karatasi aandike jina la mshindi. Mshale alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa sare, na nilimwona Kifungo mlangoni ameshika tama, ingawa Kifungo alikuwa nyumbani. Roho ilinisuta.

"Mwalimu," nilisema, "usiandike."

"Kuna nini?"

"Runinga ya Mshale inachelewa. Iko kwenye hali ya kupamba picha. Hatukushindana sawa."

Rafiki yangu mmoja alinifinya. "Una wazimu? Umeshashinda!"

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Una uhakika, au unakisia?"

"Tupime," nilijibu. Nilimwomba simu yake, nikarekodi taratibu kidole cha Mshale na runinga, na darasa zima likahesabu kwa pamoja. Tulifika arobaini na moja. Kwenye skrini yangu mbovu iliyopauka, tulifika kumi. Mwalimu alikuna kichwa, akaipeleka runinga kwenye hali ya Mchezo, tukapima tena, ikawa kumi na mbili. Akamruhusu Mshale mizunguko kadhaa ya kuzoeza mikono, kwa sababu nilimweleza habari za kuta za ndani. Kisha akafuta matokeo ubaoni. "Mnaanza upya."

Sijawahi kucheza mchezo mtamu kama ule. Tulikwenda bega kwa bega, mizunguko yote mitano, hakuna aliyegusa ukuta. Kona ya mwisho niliikata vizuri. Mshale aliikata vizuri zaidi. Alinishinda kwa urefu wa taa za mbele.

Nililia, sikatai. Lakini Mshale alinikumbatia kwa nguvu hata machozi yangu yakamlowanisha bega, na mwalimu akageuza karatasi. "Barua ya mashindano inataka mchezaji mmoja na mchezaji wa akiba anayejua kukagua mashine," alisema, "maana huko tunakokwenda sizijui runinga zao." Akaandika majina mawili.

Nilipofika nyumbani, shangazi alikuwa sebuleni ananingoja, na Kifungo alikuwa anamalizia dakika zake ishirini. Niliwasimulia yote, hata ile mizunguko niliyonyamaza.

"Kwa hiyo wewe ni wa akiba," shangazi alisema. "Vizuri. Akiba haiozi." Alipomaliza kucheka akanivuta karibu. "Hebu pima na hili. Jumatano uliulizwa swali, ukahesabu vigae safu nzima kabla ya kusema kweli. Leo hukuulizwa na mtu, ukasema baada ya mizunguko miwili. Kuchelewa kunapungua. Endelea hivyo hivyo, mwanangu. Ukweli ukikaa nao ukaupamba, kuna mtu mahali fulani anagonga ukuta kwa sababu yako. Wewe umewahi kumwona, tena ni mdogo wako. Basi usiucheleweshe. Na kabla hujamlaumu mtu, pima kwanza."

Nilitaka kujibu, lakini sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Njoo unishikie hapa!"

Sikujibu. Nilinyanyuka, nikalipita pazia, nikashika ncha ya kitambaa. Mama alikuwa bado amefungua mdomo kuita mara ya pili. Mkasi ulibaki hewani.

"Ala! Umetokea wapi wewe?"

Kifungo alikuja mbio, simu ya shangazi mkononi, analalamika kwamba hakuwahi kurekodi. "Mama, umeona? Sasa dada tutamwita nani?"

Mama alinitazama, akatazama saa yake ya ukutani, akacheka mpaka kitambaa kikatikisika mikononi mwangu.

"Tumwite Nimefika," alisema. "Shika sawasawa, Nimefika, nisije nikakata upogo."