Robo ya Picha Iliyofungwa

"Elfu arobaini na tano hazitoki," alisema Mwalimu Eugenia. "Tulipatana picha izunguke yote, fundi. Hii imekwama."

Masalu aliuma meno. Siku tatu alikuwa amekaa kwenye sebule ile ya Igoma, uso ukutani, mgongo mlangoni, akiibembeleza kompyuta ya mama huyu. Modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, inashika, inakatika. Programu ya kuzungushia picha ilishuka kwenye waya wa simu tone kwa tone mpaka ikabaki kidogo imalizike, umeme ukaenda. Akaanza upya. Ikashuka yote, kompyuta ikakataa kuitambua. Akaanza upya tena.

Chuo hakukijua. Kompyuta alijifunza kwa kuifungua na kuifunga. Kazi yake safi, bei yake moja. Na kesho mwenye nyumba alikuwa anakuja kutoa vyombo vyake nje kama kodi haipo.

Picha yenyewe aliiweka mtandaoni Muganyizi, mtoto wa mwalimu anayeishi Uswidi. Mwezi wa tatu alikuja Bukoba kumzika baba yake, mzee Gosbert. Watu walipoanza kuondoka kaburini yeye alibaki, akapiga picha huku akijizungusha, halafu akaziunga zikawa moja. Ukiburuta mausi, ni kama umesimama pale pale. Migomba. Paa la nyumba. Waombolezaji wanarudi nyumbani, migongo tu. Atokaye makaburini hageuki nyuma. Hilo hata mtoto analijua.

Mwalimu hakwenda kumzika mumewe. Alisema mguu ulimlaza kitandani. Wiki ile ile Masalu alimwona sokoni, amebeba kikapu, anatembea vizuri tu. Hayakumhusu.

Kilichomhusu ni kwamba picha ilizunguka robo tatu, ikagoma.

Akafungua maandishi ya ukurasa, akayapitia mstari kwa mstari, jasho likimdondoka. Kumbe! Mzunguko ulikuwa umewekewa mwisho: nyuzi 270.

"Mwalimu, hii si mbovu. Mwanao kaifunga makusudi."

Mama wa watu alisogeza kiti chake karibu na kioo.

"Ifungue."

Alipomuuliza kwa nini imefungwa, alijibiwa kwamba fundi halipwi kwa kuuliza. Haya. Akafuta 270, akaandika 360.

Jua lilikuwa linazama upande wa ziwani. Masalu akaburuta mausi, polepole. Migomba... paa... migongo. Ikafika palipokuwa pakigoma.

Ikapita.

Udongo mwekundu, mbichi. Msalaba. Na kando ya msalaba, mtu mrefu aliyevaa koti refu, amewapa mgongo.

"Koti hilo mume wangu kazikwa nalo," alinong'ona mwalimu. "Niliwapelekea mimi."

Masalu akaizungusha tena, haraka, apate kuondoka pale. Migomba, paa, migongo. Kaburi.

Msalaba ulikuwa peke yake.

Hapo ndipo mwalimu alipokiri. Muganyizi alikuwa amemwandikia barua: mama, usiangalie nyuma, mimi niliangalia. Tangu siku ya mazishi mwanawe hajalala usingizi mzima. Lakini mwalimu alitaka kuliona kaburi. Mara moja tu.

"Na msibani hukwenda kwa nini?" Masalu aliuliza, hasira imempanda kichwani.

"Nilikuwa nimemkasirikia."

Umeme ukakatika.

Feni ya kompyuta ikazimika kwa mlio mrefu. Kimya. Kisha harufu... udongo uliochimbwa sasa hivi, na maganda ya ndizi yanayooza. Sebuleni. Nyuma yao.

Masalu alitaka kukimbia. Lakini mlango ulikuwa nyuma, na kuufikia lazima ageuke.

Hakugeuka. Akatazama mbele, kwenye kioo cheusi cha kompyuta. Mwanga wa jioni ulikuwa umeingia mlangoni, na mlango mzima ukaonekana kwenye kioo kama kwenye maji.

Mlangoni palisimama mtu mrefu. Amewapa mgongo.

Akaanza kugeuka.

Taratibu. Kwa kukwamakwama, kama picha inayoburutwa na mausi. Bega. Shavu.

Mausi ilikuwa mezani. Hakuna mkono uliokuwa umeishika.

Mwalimu alipapasa kifuani, akatoa noti zilizokunjwa, akazisukuma mezani bila kutazama pembeni. "Chukua zako zote, fundi. Niondoe hapa. Nishike mkono unitoe."

Masalu aliziona. Ilikuwa kodi, ilikuwa siku tatu za jasho lake. Mkono haukunyanyuka.

"Mimi si wa kwanza kukudai, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mtu wa mzee alimtupia konzi ya udongo kaburini. Wewe bado."

Kwenye kioo, uso ulikuwa umefika mbele. Ukafungua mdomo, na punje za udongo zikadondoka sakafuni. Walizisikia.

"Mama Muganyizi. Nataka udongo wangu."