Mashine Ilijifunza Jina Langu

"Mwalimu Zeyana haoni! Miaka minne anawadanganya watoto wetu. Ni mimi, raia mwema."

Bi Wafaa, mwalimu mkuu, aliisoma barua ile mbele ya walimu wote. Imepigwa chapa, haina saini.

"Zeyana, kuna ukweli hapa?"

Ukweli ulikuwepo, jamani!

Ngojeni niwaeleze. Ilikuwa 2006, skuli moja karibu na Darajani. Macho yangu yalikuwa yameingia ukungu, maandishi nikiyaona kama uji. Nikisema, natolewa darasani. Na mimi bila darasa ni nani?

Basi nikatumia mtindo wa chuo cha Kurani. Kila jioni shoga yangu Mwanakheir, mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye Kurani tangu udogoni, alinisomea somo la kesho. Nalihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu. Asubuhi nashika kitabu mbele ya watoto, "nasoma" bila kukosea.

Siku moja tu nilijisahau. Maalim Jecha, mwalimu mwenzetu, alipita mlangoni.

"Mwalimu, kitabu umekishika kichwa chini."

Alisema kwa sauti ndogo, akaenda zake. Nikajua huyu ndiye atakayenimaliza.

Mwezi haukwisha, mimi na Mwanakheir tukapelekwa mafunzoni wiki mbili, kituo kimoja cha walimu Mji Mkongwe. Kompyuta! Mkufunzi wetu, kijana Tamim, alikuwa na programu ya kuwasaidia wasioweza kuandika vizuri. Unaanza neno, inakumalizia; ukilimaliza, inakutajia masikioni linalofuata.

"Kiswahili haikijui," Tamim alituambia. "Mtaifunza nyinyi. Kila mtakaloandika italishika. Wawili wawili, kila kompyuta na maneno yake."

Halafu akatuonesha hadithi za bure kwenye mtandao. Unaichukua, kompyuta inakusomea. Sauti yenyewe ya Kizungu, inatamka Kiswahili kama mtalii anayeuliza bei ya pweza Forodhani. Lakini nilisikia hadithi nzima bila kumuomba mtu! Nililia pale pale.

"Basi sasa huna haja na mie," Mwanakheir alisema, akacheka.

"Ushapumzika, shoga!"

Nami nikacheka. Mjinga mimi!

Wiki iliyofuata ndipo ikaja ile barua. Haya, turudi mkutanoni. Nilisimama nikamnyooshea kidole Jecha.

"Ni wewe! Hasidi mkubwa!"

"Wallahi si mimi, Mwalimu."

"Nani mwengine anajua? Mungu atakulipa!"

Mwanakheir akanifuta machozi kwa mtandio wake. Kwa mtandio wake, jamani!

Nikatolewa darasani, nikapewa stoo ya vitabu. Asiyeona ndiye mlinzi wa vitabu! Jecha naye kila mtu akamwita mfitini, mpaka akaomba uhamisho akaenda Fumba. Nilifurahi. Sitawaficha, nilifurahi sana.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi kituoni kuandika rufaa. Tamim akaniwashia kompyuta yetu ile ile. Nikaandika "Mwalimu".

Sauti ikanitajia: "Zeyana."

Sawa, nikakubali.

"Haoni."

Nikabonyeza tena.

"Miaka... minne... anawadanganya... watoto... wetu."

Nikaandika "raia".

"Mwema."

Maneno yale sikuyaandika mimi. Na kompyuta ile tuliifunza wawili tu!

"Tamim, Maalim Jecha amewahi kukaa hapa?"

"Hajagusa hata kiti. Alikuja mara moja tu, kabla ya mafunzo, kuomba jina lako liingizwe. Alisema wewe ndiye mwenye haja zaidi. Kwani hukujua?"

Nikatoka mbio mpaka kwa Mwanakheir. Hakukataa.

"Miaka minne macho yako mie," alisema. "Naumwa, nakuja. Mume kanuna, nakuja. Mashine wiki mbili tu, unanambia nshapumzika. Hata ahsante!"

"Ndiyo uniuze?"

"Nlitaka unihitaji tena. Sikujua watakutoa darasani."

Nilikwenda kumgombeza, nikarudi kwangu nikijua kasema kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Fumba pia nilikwenda, kumuomba radhi Jecha. Alinikaribisha kahawa kibarazani.

"Nshakusamehe, Mwalimu. Lakini skuli ile sirudi. Jina langu nshalizika kule."

Darasa sikurudishiwa. Rufaa hawakuijibu.

Nyinyi mnaosoma hapa, anayeijua siri yenu si lazima awe ndiye aliyeitoa. Msimchafue mtu kwa kudhani. Na anayewabeba kila siku, msimngoje achoke.

Nilirudi kituoni mara ya mwisho. Nilitaka kumwandikia Mwanakheir, sijui kumlaani, sijui kumshukuru, nilikuwa na yote mawili kifuani. Nikaanza neno "ahsante", herufi tatu za mwanzo, nikangoja sauti inimalizie.

Kimya.

Nikarudia. Kimya.

Jina langu mashine ilishalishika, na uongo wangu, na raia mwema. Neno lile moja hatukuwahi kuifunza, si mimi wala yeye.