Makofi kwa Wote Wawili

Ndugu zangu wa mtaa, sogeeni karibu, na yule mwenye tabia ya kuondoka kabla maneno hayajaisha akae hapa mbele nimwone. Nataka kuwasimulia yaliyoipata nyumba ya fundi cherehani wa barabara kuu ya zamani. Nitasimulia polepole, maana kisa chenyewe kinachanganya, nami sitaki mtu anijie kesho na kusema hakuelewa.

Asubuhi hiyo ilikuwa tulivu. Fundi alikuwa kibarazani kwake, anakanyaga cherehani. Kibaraza chenyewe kilikuwa cha mawe, chenye nguzo mbili na kijipaa cha mbao, kilichojengwa na babu yake mbele ya nyumba hadi karibu na ukingo wa barabara. Ndani ya nyumba hamna dirisha la maana. Mwanga uko nje, na wateja wako nje. Kando yake alikaa mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamemwishia nuru lakini vidole vilikuwa vizima. Alishona vifungo kwa kupapasa, na kila aliyepita alimtambua kwa sauti au kwa mwendo.

"Wewe leo una viatu vipya," alimwambia mpita njia mmoja, "na vinakubana."

Mke wa fundi, aliyekuwa anapiga pasi suruali ya mteja, alicheka mpaka nusura aiunguze. Kibaraza kile ndicho kilichoilisha familia nzima, na ndicho kilichomfanya mama yule asijione mzigo.

Basi likapita gari la matangazo. Wananchi wote waliombwa kufika ukumbini, kuna mkutano wa kuboresha katikati ya mji.

Sasa hapa niwakumbushe tabia yetu, ingawa mnaijua. Mtaani kwetu hakuna mtu anayesimama kusema akakaa bila kupigiwa makofi. Awe amesema la maana, awe ameropoka, anapigiwa. Kutompigia ni kama kukataa salamu yake. Na ukishapigiwa makofi, ndiyo umemaliza, unakaa.

Ukumbini alisimama kwanza Afisa wa Urithi, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alitundika michoro. Alisema barabara yetu ya zamani ni hazina, vibaraza vyote vitahifadhiwa, magari yatazuiwa, na wageni watakuja kutembea kwa miguu na kununua vitu vyetu. Makofi yakalia. Akafuata Mhandisi wa Barabara, kijana mchangamfu. Naye alitundika michoro yake juu ya ile ya kwanza. Alisema barabara itapanuliwa ili magari yapishane na kuegeshwa, na kila kilichotokeza mbele ya ukuta wa nyumba kitaondolewa. Kisha akatania kuhusu tumbo lake, na yeye akapigiwa makofi zaidi ya mwenzake.

Mke wa fundi alimchokoa mumewe ubavuni. "Baba watoto, simama uulize. Kibaraza chetu kinabaki au kinaondoka?"

"Nimuumbue mgeni mbele ya watu? Nitamuuliza pembeni."

"Pembeni lini?"

"Akimaliza soda yake."

Mwenyekiti wa mtaa akauliza, "Tumekubali?" Ukumbi mzima ukajibu ndiyo. Mhandisi alimaliza soda, akapanda gari, akaondoka. Fundi akabaki kusimama mlangoni kama aliyesahau alichofuata.

Nyumbani mama yake alikuwa anasubiri habari. "Wamesemaje?"

"Wamesema kibaraza kinahifadhiwa, mama."

"Afadhali."

"Halafu wamesema kinaondolewa."

Mama akaacha kifungo. "Wewe ulimpigia makofi yupi?"

"Wote wawili."

"Mwanangu, mimi ni kipofu, lakini hapo naona wewe ndiye uliyepotea zaidi."

Haukupita muda mrefu, wakaja mafundi wa Urithi. Wakasugua nguzo, wakapaka chokaa, wakaziba nyufa kwa adabu kabisa, hata wakamwomba mama radhi kwa vumbi. Fundi akafurahi, akawatengenezea chai. Chokaa haijakauka, wakaja watu wa Barabara na vigingi vyao vya chuma, wakavipigilia usawa wa ukuta wa nyumba, kibaraza chote kikabaki upande wa barabara. Fundi akawatengenezea chai na wao. Mke wake alimtazama kwa jicho ambalo mume yeyote analielewa.

"Kesho unakwenda ofisini kwao," alimwambia. "Na chai ya bure imeisha."

Akaenda. Kwenye chumba cha Urithi aliambiwa asiwe na wasiwasi, mpango wao ulipitishwa na wananchi. Akavuka ujia mwembamba hadi chumba cha Barabara, akaambiwa vilevile, tena kwa tabasamu lilelile.

"Sasa nani ataamua?" aliuliza.

"Mmeshaamua nyinyi," alisema Mhandisi. "Mlipiga makofi."

Ndugu zangu, hapo hata mimi msimuliaji kichwa kinaniuma. Vyumba viwili mlango kwa mlango, na hakuna aliyegonga kwa mwenzake. Lakini tusikimbilie kuwalaumu wao peke yao, subirini.

Fundi alimwendea Mwenyekiti, na Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, aliitisha mkutano mwingine. Wakaja maofisa wote wawili. Mhandisi mwenyewe alisema wazi, "Kama kuna mtu ambaye kazi yake inategemea kibaraza, aseme leo. Mstari tunaweza kuusogeza. Kesho tingatinga linaingia."

Mlango ukawa umefunguliwa waziwazi. Fundi akasimama. Usiku kucha alikuwa amejipanga, na mke wake alikuwa amemsikiliza akirudia maneno mpaka mke naye akayashika. Alikuwa na jambo moja tu la kusema: msivunje, ndiyo riziki yangu, na ndipo mama yangu anapokaa.

"Kwanza kabisa," alianza, "namshukuru Mwenyekiti. Namshukuru Afisa wa Urithi kwa chokaa nzuri. Namshukuru pia Mhandisi, vijana wake wana adabu sana..."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Maneno gani mazuri, mtu gani muungwana! Makofi yakaendelea, yakaendelea. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akawaangalia watu waliokuwa wanamchekea kwa upendo. Kisha akakaa.

Mke wake alisimama akapaza sauti, "Hajamaliza! Jamani, hajamaliza!" Nao wakampigia makofi yeye pia, wakidhani anamsifu mumewe.

Mhandisi alingoja kidogo, akatazama huku na huku. "Basi hakuna pingamizi," alisema, na kwa kweli hakulisikia.

Asubuhi yake kibaraza kikavunjwa. Nguzo zilianguka na chokaa yake mpya. Fundi aliingiza cherehani ndani, na humo gizani mishono ikaanza kwenda upande. Wateja waliopita hawakumwona, wakadhani amehama, wakaenda kwa wengine. Mama naye aliwekwa kwenye kiti nyuma ya mlango. Siku za mwanzo aliuliza, "Nani huyo anapita?" Baadaye akaacha kuuliza, na vifungo akaviacha pia. Inaniuma kusema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na barabara? Ilipanuliwa vizuri sana. Kisha watu wa Urithi, kwa kuwa nao mpango wao ulipitishwa, wakaifunga kwa nguzo za zege ili magari yasipite. Ikawa barabara pana isiyo na gari wala kivuli.

Siku ya ufunguzi alikuja mgeni rasmi. Kwenye ukuta wa fundi, pale palipokuwa na kibaraza, kilibandikwa kibao cha shaba kinachosifu vibaraza vya kale vya mtaa huu. Hotuba ikasomwa, umati ukashangilia. Mama alisikia kelele kutoka nyuma ya mlango.

"Mwanangu, wanampigia nani makofi?"

"Wanasifu kibaraza chetu, mama."

Mama akashika mkono wa kiti ili ainuke. Uso wake wote ulikuwa umechangamka. "Kumbe kimerudi?"

Fundi alikuwa amesimama kizingitini, na alipotazama mikono yake aliiona nayo inapiga makofi.

FUNZO

Adabu ni kitu kizuri, na sisemi tuiache. Lakini mkutano wa mji si harusi. Mwenye mpango akija na michoro yake, mheshimu kwa kumuuliza: nyumba yangu iko wapi hapo, na kwangu kitabaki nini? Na jirani yako akisimama kueleza shida yake, nyamaza mpaka afike kwenye shida yenyewe. Fundi hakuangushwa na tingatinga peke yake. Tulimnyamazisha sisi wenyewe, kwa mikono yetu, na tulikuwa tunampenda.