Meya Aliyebomoa Vyoo Vyake

Abdias Vagheni alikuwa mfanyabiashara wa Butembo. Alipokuwa kijana alinunua maharagwe sokoni Kirumba, akayaleta mjini juu ya camion, malori ya watu wengine. Baadaye alipata camion yake. Ilishuka Beni na sabuni na vitenge, ikarudi na kahawa. Watu walimjua. Akisema mzigo utafika, unafika.

Uasi ulipoingia, meya wa zamani alikimbia. Mji ukabaki bila mkubwa. Wenye maduka, mapadri na masheki walikutana. Wote wakataja jina moja: Abdias.

Mke wake, Kaswera, aliyemwita kwa jina la binti yao, aliogopa.

— Papa Léa, weye ni mutu ya biashara. Basoda biko na bunduki. Weye uko na nini?

— Niko na batu, alijibu Abdias.

Akawa meya. Kila asubuhi alikunywa chai, akala ndizi za kuchemsha, akaenda bureau, ofisini kwake, kwa miguu. Siku ya salongo, kazi ya pamoja, alishika jembe na kuziba mashimo ya barabara pamoja na watu. Kaswera alianza kutembea sokoni kichwa juu.

Kisha mvua kubwa zikaja. Léa, binti yao mdogo, akaanza kuhara. Kesho yake macho yake yalikuwa yamezama. Alilia bila machozi. Kaswera alimbeba mbio mpaka kwa Mama Virginie, jirani yao, muuguzi wa kituo cha afya cha Vulamba, mtaa wao.

Virginie alimshika mtoto, akamtazama vizuri.

— Maji imeisha mu mwili yake. Tutairudisha. Angalia namna ninafanya, Mama. Litre moja ya maji yenye ilichemshwa na kupoa. Vijiko vidogo sita vya sukari, bila kujaza sana. Nusu ya kijiko kidogo ya chumvi. Koroga. Mupe kidogo kidogo.

— Na kama anatapika?

— Ngoja kidogo, kisha mupe tena. Usichoke. Na kama anakataa kunywa, ao analegea, mulete hapa mbio.

Abdias alifika akitoka bureau. Jasho lilimtiririka.

— Mama Virginie, ni nini ilimupata mutoto?

— Ni maji, Papa. Batoto bengi ya hapa biko na ugonjwa hii. Bote banakunywa maji ya ile source, ile chemchemi ya bondeni.

— Mais lakini ile maji inang'aa!

— Inang'aa, ndiyo. Mais microbe, kile kidudu ya ugonjwa, haionekane na macho. Twende nikuonyeshe.

Walishuka bondeni. Virginie alinyoosha kidole kuelekea mlimani. Juu kabisa ya chemchemi kulikuwa na mstari wa vyoo.

— Mvua ikinyesha, uchafu ya ile vyoo inapita mu udongo. Inafika hapa. Sisi tunateka, tunakunywa.

Abdias alivitambua. Vingi vilikuwa vya nyumba za kupangisha. Nyumba zilikuwa zake.

Jioni alimweleza Kaswera habari ya vyoo.

— Batu batasema nini? aliuliza Kaswera.

— Baseme. Tutaanza na ya kwetu.

Wapangaji walichimbiwa vyoo vipya, upande wa chini wa chemchemi, mbali nayo zaidi ya mita thelathini. Vilipokuwa tayari, meya alibomoa vile vya zamani kwa mikono yake, akavifukia. Watu walisimama wakitazama. Majirani wengine waliokuwa na vyoo juu ya chemchemi hawakusubiri kuambiwa. Nao walihamisha.

Ikabaki kujenga chemchemi yenyewe. Abdias alimtuma Kasimu, dereva wake wa miaka mingi, alete ciment, saruji ya kujengea, kutoka Beni. Kasimu alifika salama mpaka barrière, kizuizi cha barabarani cha kuingia mjini. Hapo askari wa uasi wakamzuia. Abdias alipopata habari, alienda. Kaswera alimfuata.

— Camion tunabeba, alisema commandant, mkubwa wao. Tuko mu vita.

— Chukua, alisema Abdias. Camion ni yangu. Ninakuachia mbele ya batu hawa. Mais ciment haiko yangu. Ni ya batoto ya Vulamba.

— Na utaipeleka na nini?

Abdias alivua koti. Akapanda, akashusha mfuko, akauweka begani. Kasimu akabeba wa pili. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani waliweka mizigo yao chini, wakaja. Wakaja wauza nguo, wakaja vijana wa mpira. Mstari ukawa mrefu barabarani. Commandant alisogea kando. Kisha askari wake mmoja akaweka bunduki mgongoni, akaanza kuwashushia watu mifuko.

Kaswera alimwona mume wake amejaa vumbi la ciment kichwani mpaka kifuani.

— Muone bwana yangu! alipaza sauti. Muone meya yetu!

Kwenye chemchemi wakachimba mpaka pale maji yanapotoka mwambani. Wakapanga mawe, wakajenga ukuta, wakaweka bomba. Juu walichimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua pembeni. Wakazungusha uzio ili mbuzi wasiingie. Virginie alisimama mbele ya watu wote.

— Bidon ya kuteka maji ioshwe kila siku, na ifunikwe. Maji ya kunywa, bado mutachemsha. Na mikono inaoshwa na sabuni kisha kutoka choo, na mbele ya kula.

Léa alipona. Mvua zilizofuata, Virginie alipokea watoto wachache sana wenye kuhara. Wajumbe walikuja kutoka Beni na Oicha kuona. Abdias aliwapeleka bondeni yeye mwenyewe, akawaachia Virginie aeleze.

Vita vilipopungua, Abdias aliacha umeya, akarudi kwenye biashara. Camion yake haikurudi. Lakini kila Jumamosi watu wa Vulamba hushuka bondeni na majembe. Husafisha mfereji, hutengeneza uzio. Hakuna meya anayewaita.