Mama Kole, Mama Koleo na Jino la Katungu

Siku za soko Euphrasie aliamka mapema. Alifunga soli za viatu, misumari midogo na kole, yaani gundi, kwenye gunia. Akapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, gunia likiwa mapajani, akateremka hadi soko kuu la Kisangani. Huko kila mtu alimjua. Sandali imekatika? Beseni limepasuka? Nenda kwa Mama Kole.

"Kole yangu inashika kila kitu," aliwaambia wateja. "Weye utazeeka, kiatu kitabaki kijana."

Alikuwa Munande, mtu wa kabila la Wanande, kutoka Butembo. Mume wake, Jérôme, alileta bidhaa kutoka huko, na yeye aliuza. Maisha hayakuwa mabaya, kwa maisha ya wakati wa vita.

Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa Clothilde, muuguzi wa meno katika zahanati ya mtaa. Kwa sababu wengi walimwendea jino likiwa limeshaoza, kazi yake kubwa ilikuwa kung'oa. Watu wakamwita Mama Koleo. Kwenye bomba la maji walitaniana: "Mtaa wetu umekamilika! Mama Kole anabandika, Mama Koleo anabandua." Aliyecheka kuliko wote ni Euphrasie.

Binti ya Euphrasie, Katungu, alikuwa na miaka kumi na mitano. Meno yake ya juu yalitoka mbele na kupandana. Ya chini yalichoma kaakaa kila alipotafuna. Mwaka mmoja kabla, Jérôme alimpeleka Kampala kwa dentiste, daktari wa meno. Dentiste alibandika kichuma kidogo kwenye kila jino, kisha akapitisha waya juu ya vichuma vyote. Waya huo ndio unaovuta meno polepole mpaka yapangike. "Mumurudishe mara kwa mara nimuone," alisema.

Walimrudisha mara chache. Kisha majeshi mawili ya kigeni yakaanza kupigana ndani ya mji wenyewe. Siku sita mabomu yaliruka juu ya mapaa. Euphrasie na Katungu walilala chini, kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, mbali na madirisha. Hapakuwa na makaa ya kupikia. Walitafuna mahindi makavu yaliyokaangwa kabla ya mabomu. Ndipo Katungu aliposikia kitu kimelia "tak" mdomoni. Kichuma cha jino moja la mbele kilikuwa kimebanduka, kikining'inia kwenye waya.

Mabomu yaliponyamaza, wao walikuwa wazima. Lakini Jérôme alikuwa Butembo, barabara imefungwa, na Kampala ilikuwa kama mwezini.

"Mama, hii kitu iko nanichoma mudomo," Katungu alisema.

"Fungua nione. Ah! Kichuma tu? Ile haiko mambo."

"Twende kwa Mama Clothilde."

"Kwa Mama Koleo?" Euphrasie alipiga makofi akicheka. "Utaenda na meno, utarudi na pengo! Miye niko mama ya kole, ao hapana? Kuya hapa."

Maneno hayo aliyaona mchezo. Baadaye yalimrudia kila alipokaa peke yake.

Alipangusa jino kwa pindo la kitenge. Akapaka kole ya viatu, akabonyeza kichuma. Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimeanguka.

"Ni mate," alisema. "Bon. Soli ikikataa kushika, unafanya je? Unakwaruza kwanza."

Akaleta msasa, uleule wa kukwaruzia soli. Akasugua jino.

"Mama, inawasha!"

"Vumilia. Urembo unaumizaka."

Safari hii alichukua kole ya tyubu ndogo, ile kali inayogandisha vidole. Tone moja likaenda kwenye jino, jingine kwenye ufizi. Katungu aliruka kwa kuungua. Lakini kichuma kilishika. Euphrasie alikivuta kwa kucha, hakikutikisika. Jioni kwenye bomba alijisifu: "Dentiste wa Kampala aje asome kwangu!"

Kumbe alikuwa amekibandika kimekaa upande. Na waya hauna akili. Unavuta jino kufuata kichuma kilivyokaa. Jino likaanza kugeuka na kuuma. Ufizi ukavimba, ukawa mwekundu. Katungu akaacha kula, halafu akaacha kuongea. Wiki haikwisha, akamshika mama yake mkono.

"Toa, mama. Toa tu."

Euphrasie akaenda kwenye gunia lake, akachukua koleo la kung'olea misumari. Akabana kichuma. Akavuta kwa nguvu, kama anavyovuta msumari.

Kichuma kilitoka. Nyuma yake kole ilikuwa bado imeshika, na juu ya kole kulikuwa na kipande cheupe, chembamba, kama kigae cha sahani.

Katungu hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, na ule upepo wenyewe ukamuumiza. Akafunga mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

Euphrasie akakimbia naye hadi nyumba ya tatu.

Clothilde alikuwa anatoka kwenda kazini. Aliwachukua wote wawili hadi zahanati. Ukuta wa chumba cha meno ulikuwa na matundu ya vipande vya bomu, lakini kiti kilikuwapo. Alimkalisha Katungu, akaangalia jino. Kisha akauliza:

"Imevunjika na nini?"

Katungu alimtazama mama yake.

"Na koleo," Euphrasie alisema.

"Koleo ya nani?"

"Yangu."

Hakuna aliyecheka.

"Na kole?"

"Yangu pia. Ile ya tyubu. Nilikwaruza kwanza na musasa."

Clothilde alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Mama Euphrasie, sikia. Weye unajua kole kunipita. Mutu akileta kiatu, unabandika soli. Soli ikiisha, atarudi ubandue, ubandike mupya. Sivyo?"

"Ni vile."

"Alors, kama kole ni kali mupaka soli inatoka na ngozi ya kiatu?"

"Kiatu kimekufa," Euphrasie alijibu. Kisha akaelewa alichosema. Akainamisha kichwa.

"Voilà. Kile kichuma hakikuwekwa kikae milele. Siku moja meno yamepangika, dentiste atakitoa. Kwa ile, kole yake inapimwa. Ishike kiasi cha kutafunia chakula, isipite pale. Siku ya kutoa, ivunjike kole, jino libaki zima. Kole ikishinda jino kwa nguvu, jino ndilo linavunjika."

"Lakini mbona yake ilishika kwenye mate, na yangu ilianguka mara ya kwanza?"

"Haikushika kwenye mate. Anasafisha jino kwanza. Anaweka pamba pembeni, mate yasifike. Kisha anapaka dawa yenye asidi kidogo, muda mfupi tu. Ile inafanya vitundu vidogo sana juu ya jino, macho hayavioni. Anaosha, anakausha mupaka jino linakuwa jeupe kama chaki. Ndipo kole inaingia kwenye vile vitundu na kushika. Anapima na mahali pa kichuma, kisiende upande. Mwisho anaigandisha na taa. Weye ulisugua na musasa. Ulipunguza jino lenyewe."

Euphrasie alikunjua kiganja. Alikuwa bado ameshika kichuma na kile kipande cheupe.

"Hii ganda, itarudi lini?"

"Emaye, lile ganda gumu la jino? Hairudi." Clothilde alisema polepole. "Mufupa ukivunjika unaunga. Ngozi ikikatika inaunga. Emaye haina damu, haijijengi tena. Mungu aliigawa mara moja tu."

Kisha Euphrasie akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Kama ningekuja siku ile ya kwanza, ungefanya nini?"

"Kitu kidogo. Ningekata waya uliochoma, ao ningeweka nta safi juu yake. Ningekwambia umupatie chakula laini mupaka njia ifunguke. Basi."

"Niliogopa utaling'oa."

"Najua. Mama Koleo." Clothilde alitabasamu bila furaha. "Nasikiaka kule kwenye bomba. Mutu akichekwa kila siku ju ya kung'oa, nani atamuletea jino bado zima?"

Clothilde akaanza kazi. Aliosha ufizi, akalikausha jino, akafunika mahali palipovunjika kwa simenti ya meno iliyobaki kidogo kwenye chupa. Akaondoa waya wote, kwa sababu pale mjini hapakuwa na mtu wa kuuongoza.

"Waya bila dentiste ni kama pirogi bila kasia," alimwambia Katungu. "Bora meno yasimame kuliko yaende ovyo. Yatarudi nyuma kidogo, usilie. Vichuma vingine tuache. Kimoja kikitoka, usikiguse na kole. Kitunze, uniletee. Usitafune mahindi makavu, mifupa, wala miwa. Sugua meno vizuri kandokando ya vichuma, kwa sababu chakula kinajificha pale."

"Na nikisikia inauma?"

"Kuya upesi. Usingoje mama yako apate akili."

Katungu akacheka kidogo kwa pua, kwa sababu mdomo bado uliuma. Euphrasie hakukasirika.

Alimpikia lituma laini, zile ndizi za kupondwa, na uji. Ufizi ukapona. Baridi ikaacha kuchoma jino. Katungu akarudi kula na kuongea, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini jino lilikuwa na kiraka cha manjano kidogo, na meno mengine yakaanza kusogea kule yalikotoka. Kila asubuhi Euphrasie alimsalimu, na macho yake yalikwenda kwanza pale kwenye kiraka.

Siku moja sokoni alikuja Papa Bavon, mvuvi wa kule Wagenia. Alifungua leso, akatoa meno yake ya bandia yaliyokatika vipande viwili.

"Mama Kole, nibandikie. Mbisi yenyewe, samaki wangu, siku hizi nameza tu kama bata."

"Hapana, papa."

"Hapana nini? Weye ulisemaka inashika kila kitu!"

"Nilisema bila kujua. Hii ni ya viatu. Itakuunguza mudomo, na vipande vikikaa vibaya vitakupiga vidonda. Nenda kwa Mama Clothilde, zahanati ya pale mutaani kwetu."

"Yule mung'oaji?"

"Ule mutu anatengeneza meno," Euphrasie alisema kwa sauti ya kusikika hadi meza za jirani. "Usimuite vile tena mbele yangu. Na sasa, papa, kwenye hayo yako atang'oa nini?"

Akina mama wa soko wakaangua kicheko, hata Papa Bavon mwenyewe. Akafunga leso yake akaenda.

Miezi ikapita. Jérôme akapata nafasi kwenye ndege ya mizigo, akarudi. Walikumbatiana, walilia, walimshukuru Mungu. Alipomwona Katungu bila waya, akauliza. Katungu akasema kichuma kilitoka siku zile za mabomu. Habari ya koleo hakuitaja.

"Haiko neno," Jérôme alisema. "Njia ikifunguka, nitakurudisha Kampala. Nitamwambia ule dentiste aweke kole kali zaidi. Ile yake ya kwanza ilikuwa ya bure."

"Hapana, papa," Katungu alisema. "Mwambie aweke ileile. Ile inajua kuachia."

Jérôme akacheka sana. "Kole ya kuachia! Mutoto ya mama muuza kole anasema vile? Mama Katungu, umesikia?"

Euphrasie alikuwa anasonga ugali. Akaweka mwiko chini, akapangusa mikono. Alimwita Katungu karibu na mlango penye mwanga, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole, taratibu sana.

"Kuya uangalie, Papa Katungu," akasema. "Ni hapa kole yangu ilikataa kuachia."